Upelekaji wa Data kwenye Poti Sambamba ya Kompyuta kutoka Programu ya Pure Data: Suala la Wakati wa Kimantiki na Wakati Halisi

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kupeleka data kutoka programu ya sauti ya Pure Data hadi kwenye poti sambamba ya kompyuta, kwa lengo la kuendesha vifaa vya nje kama vile solenoidi, taa au mashine za kurekodi vipimo. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kazi hii hauko katika kuiandika baiti kwenye poti, bali katika kuhakikisha kuwa baiti hiyo inatoka kwa wakati uliokusudiwa. Pure Data hukokotoa matukio kwa wakati wa kimantiki, na sauti yake hupita katika foleni inayorekebisha tofauti kati ya wakati huo na wakati halisi. Poti sambamba haina foleni ya namna hiyo. Makala inaonesha kwa hesabu jinsi hali hiyo inavyoweza kuufuta kabisa mpigo wa umeme wa milisekunde 10, kisha inapendekeza programu msaidizi inayotumia mihuri ya wakati, pamoja na njia ya kuthibitisha matokeo kwa kutumia kadi ya sauti yenyewe.

1.0 Utangulizi

Poti sambamba ilibuniwa kwa ajili ya printa. Kampuni ya Centronics iliianzisha mwaka 1970, na kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ikaifanya kuwa sehemu ya kawaida ya kompyuta ya mezani kwa kuiwekea kiunganishi cha pini 25. Mwaka 1994 kiwango cha IEEE 1284 kilirasimisha tabia yake. Leo printa zimehamia kwenye USB na mtandao, na kompyuta nyingi mpya hazina poti hii. Hata hivyo, watafiti na wasanii hawajaiacha. Katika maabara za saikolojia na za vipimo vya umeme wa ubongo, poti sambamba imetumika kwa miaka mingi kutia alama kwenye rekodi kila mara mshiriki anapooneshwa picha au kusikilizishwa sauti. Katika sanaa ya muziki, poti hiyo hiyo imetumika kuendesha vyuma vinavyogonga ngoma, kengele na nyuzi.

Sababu ya kuipenda ni moja: wepesi. Mpangaji programu huandika namba moja mahali pamoja, na pini nane hubadilika kwa pamoja ndani ya takribani mikrosekunde moja. Hakuna pakiti za kufungasha wala kifaa cha kati cha kutafsiri. Wepesi huo ndio unaowafanya watumiaji wengi waamini kwamba muda waliouchora kwenye skrini ndio muda unaotoka kwenye pini. Makala hii inaonesha kuwa imani hiyo si sahihi pale baiti inapotoka katika programu ya sauti.

Mfano utakaotumika ni Pure Data kwenye mfumo endeshi wa Linux. Pure Data iliandikwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, baada ya kazi yake ya awali kwenye programu ya Max katika taasisi ya IRCAM jijini Paris. Ni programu huria, na mtumiaji wake haandiki mistari ya msimbo, bali huchora visanduku na kuviunganisha kwa nyuzi. Mchoro huo ndio programu.

2.0 Muundo wa Poti Sambamba

Kwa kompyuta, poti sambamba ni rejista tatu zinazofuatana. Poti ya kwanza kwa kawaida huanzia anwani 0x378, yaani 888 kwa hesabu ya kawaida. Rejista ya kwanza ni ya data, na biti zake nane huonekana kwenye pini ya 2 hadi ya 9. Rejista ya pili, katika anwani inayofuata, ni ya hali. Hii husomwa tu, na hupokea ishara kutoka pini ya 10, 11, 12, 13 na 15. Rejista ya tatu ni ya udhibiti, nayo huhusika na pini ya 1, 14, 16 na 17. Pini ya 18 hadi ya 25 ni za ardhi. Ni vyema ikumbukwe kuwa baadhi ya mistari imegeuzwa ndani ya saketi: pini ya 11 kwa upande wa hali, na pini ya 1, 14 na 17 kwa upande wa udhibiti. Anayeandika sifuri kwenye rejista ya udhibiti akitarajia pini zote zishuke atakuta tatu kati yake zimepanda.

Kwa madhumuni ya makala hii, rejista ya data inatosha. Kila biti inawakilisha pini moja, na pini iliyowashwa hutoa takribani volti 5. Kuwasha pini ya 2 na ya 4 kwa pamoja ni kuandika 1 + 4, yaani 5. Namba kubwa kuliko zote ni 255, ambapo pini zote nane zimewashwa.

Jambo la msingi ni kwamba rejista ya data hushikilia thamani yake hadi iandikwe nyingine. Hapa ndipo poti sambamba inapotofautiana na kadi ya sauti. Matokeo ya kadi nyingi za sauti hupitia kapasita inayozuia umeme usiobadilika, hivyo kadi haiwezi kushikilia volti moja kwa muda mrefu. Kwa kuwasha taa na kuiacha ikiwaka, kadi ya sauti haifai na poti sambamba inafaa. Faida hiyo hiyo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0, ndiyo chanzo cha hatari yake.

3.0 Kuandaa Baiti ndani ya Mchoro

Mara nyingi mtumiaji anataka kubadilisha pini moja bila kugusa nyingine saba. Kwa kuwa rejista huandikwa yote kwa pamoja, mchoro lazima ukumbuke thamani ya mwisho iliyopelekwa. Kisanduku cha [int] kinaweza kuitunza. Ili kuwasha pini ya 4, thamani hiyo hupitishwa kwenye [| 4], na ili kuizima hupitishwa kwenye [& 251], kwa kuwa 251 ni 255 ukiondoa 4. Kabla ya kutoka, kila thamani ipitishwe kwenye [& 255], ili hesabu iliyokosewa isivuke mipaka ya biti nane.

Iwapo chanzo cha tukio ni sauti yenyewe, kwa mfano mlio wa kipaza sauti unapovuka kiwango fulani, kisanduku cha [threshold~] hugeuza ishara ya sauti kuwa ujumbe. Pure Data haishughulikii sauti sampuli moja moja, bali kwa mafungu ya sampuli 64. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu moja lina urefu wa milisekunde 1.45. Ujumbe unaotokana na sauti hauwezi kuwa na usahihi wa wakati unaozidi urefu wa fungu. Kwa matumizi mengi kasoro hiyo ni ndogo, nayo si ile inayojadiliwa katika sehemu ya 5.0.

4.0 Njia Tatu za Kuifikia Poti

Njia ya kwanza ni kuandika kwenye faili ya kifaa cha printa, /dev/lp0. Njia hii huwavutia wanaoanza kwa sababu haihitaji msimbo wowote wa ziada, lakini haifai. Kiendeshi cha printa hufuata itifaki ya printa: hutuma herufi, kisha husubiri jibu kwamba imepokewa. Kama upande wa pili hakuna printa bali solenoidi, jibu halitakuja na data itakwama.

Njia ya pili ni kuandika kisanduku kipya cha Pure Data kwa lugha ya C. Kisanduku hicho huomba ruhusa kwa wito wa ioperm, kisha huandika baiti kwa outb kila kinapopokea namba. Uandishi wenyewe ni wa haraka mno kiasi kwamba hauathiri ukokotoaji wa sauti. Tatizo ni ruhusa: ioperm huhitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na hivyo Pure Data nzima, pamoja na kila mchoro unaofunguliwa ndani yake, huishia kuendeshwa kwa mamlaka hayo. Kosa dogo katika mchoro hupata uwezo wa kuharibu mfumo mzima.

Njia ya tatu ni kuitenganisha kazi. Pure Data hutuma ujumbe kwa kisanduku cha [netsend] hadi kwenye programu ndogo msaidizi iliyo ndani ya kompyuta hiyo hiyo, na programu hiyo ndiyo inayoandika kwenye poti. Ujumbe wa Pure Data ni maandishi ya kawaida yanayoishia kwa nukta mkato, kwa hiyo lugha yoyote ya programu inaweza kuusoma. Programu msaidizi nayo haina haja ya mamlaka ya msimamizi. Inaweza kutumia faili ya kifaa /dev/parport0 ambayo Linux huitoa kwa ajili hiyo, ikiidai poti kwa wito wa PPCLAIM na kuiandikia kwa PPWDATA.

Ikumbukwe pia kwamba kebo za kugeuza USB kuwa poti sambamba hazisaidii katika njia ya pili wala ya tatu. Kebo hizo hujitambulisha kwa kompyuta kama printa, na hazina rejista za kuandikiwa moja kwa moja. Kadi ya ziada inayochomekwa ndani ya kompyuta hufaa, ingawa anwani yake mara nyingi si 0x378 na sharti itafutwe kwanza.

5.0 Tatizo la Wakati

5.1 Foleni ya sauti

Tuchukulie mchoro ulio rahisi. Kisanduku cha [metro] kinatoa mdundo, na kila mdundo unaiwasha solenoidi kwa kuandika 1. Kisanduku cha [delay 10] kinaizima baada ya milisekunde 10 kwa kuandika 0. Ndani ya Pure Data hesabu hii ni kamilifu: kuzima hutokea milisekunde 10 kamili baada ya kuwasha. Lakini milisekunde hizo ni za wakati wa kimantiki, ambao husonga mbele kwa kuhesabu mafungu ya sampuli na si kwa kutazama saa.

Kadi ya sauti, kwa upande wake, haichukui sampuli 64 kwa wakati. Katika mipangilio mingi huomba sampuli 1,024 kwa mkupuo mmoja. Pure Data hukokotoa mafungu 16 mfululizo kwa kasi yote ya kichakataji, huyakabidhi, kisha hupumzika hadi kadi iombe tena. Sampuli 1,024 ni milisekunde 23.2 za sauti, lakini ukokotoaji wake waweza kumalizika ndani ya sehemu ndogo tu ya muda huo.

Msikilizaji wa sauti hatambui lolote. Kila fungu linaingia mahali pake katika foleni, na kadi inalitoa kwa zamu yake kwa mwendo usiobadilika. Baiti ya poti sambamba haina foleni. Hutoka papo hapo, pale fungu lake linapokokotolewa. Matukio mawili yaliyo mbali kwa milisekunde 10 za kimantiki, yakiangukia katika mkupuo mmoja, hutoka kwenye pini yakiwa yamefuatana kwa muda mfupi mno.

5.2 Hesabu ya mpigo unaopotea

Athari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ili kuwasha na kuzima viangukie katika mkupuo mmoja, kuwasha lazima kutokee ndani ya milisekunde 13.2 za mwanzo kati ya 23.2. Kama mwanzo wa mdundo hauhusiani na mwanzo wa mkupuo, uwezekano wa hali hiyo ni takribani asilimia 57. Yaani, zaidi ya nusu ya mipigo hudumu kwa muda mfupi sana usiotosha kukisogeza chuma cha solenoidi, na ngoma hainyamazi kwa sababu ya waya uliokatika, bali kwa sababu amri ya kuzima imeifuata mara moja amri ya kuwasha. Asilimia 43 inayobaki hupata kuwashwa katika mkupuo mmoja na kuzimwa katika unaofuata. Mipigo hiyo hudumu kwa takribani milisekunde 23.2, zaidi ya mara mbili ya muda uliokusudiwa.

Hapa kuna mtego kwa mtafiti. Akikokotoa wastani wa urefu wa mipigo yote, atapata karibu milisekunde 10, kwa kuwa asilimia 43 ya 23.2 ni 10. Wastani utakuwa sahihi ilhali hakuna hata mpigo mmoja ulio sahihi. Kwa sababu hiyo, tasnifu inayoripoti wastani wa muda peke yake bila kuonesha mtawanyiko wake haijathibitisha chochote kuhusu usahihi wa mfumo.

Kwa jaribio la vipimo vya ubongo, ambapo poti haiendeshi chuma bali hutia alama ya mwanzo wa sauti, kasoro hujitokeza kwa sura nyingine. Alama huwahi au kuchelewa, ikilinganishwa na sauti, kwa kiasi kinachobadilika hadi milisekunde 23. Mawimbi ya majibu yanayokusanywa na kuunganishwa kutokana na alama hizo hufifia na kutanuka, na mtafiti anaweza kulihusisha na mshiriki jambo lililosababishwa na kompyuta.

5.3 Kupunguza mkupuo

Suluhisho la haraka ni kupunguza ukubwa wa mkupuo hadi sampuli 64, pale kadi na mfumo endeshi vinaporuhusu. Hapo kasoro hushuka hadi milisekunde 1.45. Hata hivyo, kompyuta hulazimika kuamka karibu mara 689 kwa sekunde, na ikichelewa hata mara moja sauti hukatika. Kwa mchoro mdogo kwenye kompyuta nzuri njia hii hutosha. Kwa mchoro mzito haitoshi, na hapo ndipo mihuri ya wakati inapohitajika.

6.0 Suluhisho Linalopendekezwa

6.1 Mihuri ya wakati

Iwapo sauti huokolewa na foleni, basi baiti nayo itengenezewe foleni yake. Pure Data itume wakati wa kimantiki wa tukio pamoja na baiti, na programu msaidizi isiandike mara moja, bali isubiri wakati huo ufike. Kisanduku cha [timer] hutoa wakati wa kimantiki kwa usahihi, hata kwa tukio linaloangukia katikati ya fungu.

Kuna tahadhari moja ya kiutendaji. Katika matoleo mengi ya Pure Data, namba inapogeuzwa kuwa maandishi hubaki na tarakimu sita tu. Wakati unaohesabiwa kwa milisekunde tangu mwanzo wa onesho hupoteza usahihi wa milisekunde mara tu unapofikia milioni moja, yaani baada ya dakika 16 na sekunde 40. Mfumo utakuwa umefanya kazi vizuri katika majaribio yote mafupi, kisha utaharibika mbele ya hadhira. Dawa yake ni kuanza upya [timer] kila sekunde na kutuma sekunde na milisekunde kama namba mbili tofauti, hivi: "12 345 5;", yaani sekunde ya 12, milisekunde ya 345, baiti 5.

6.2 Kuoanisha saa mbili

Programu msaidizi inajua saa ya kompyuta, na si wakati wa kimantiki. Kwa kila ujumbe, ikokotoe tofauti kati ya wakati wa kupokea na wakati wa kimantiki uliomo ndani yake. Tofauti hii hubadilikabadilika kwa sababu ya mikupuo, lakini thamani yake ya chini kabisa ni thabiti: hutokana na jumbe za mwisho wa mkupuo, ambazo hukokotolewa mapema zaidi kulingana na wakati wake. Baiti basi iandikwe kwa wakati wa kimantiki, kujumlisha tofauti hiyo ya chini, kujumlisha ziada inayozidi urefu wa mkupuo mmoja. Kwa mkupuo wa milisekunde 23.2, ziada ya milisekunde 30 hutosha.

Tofauti ya chini isichukuliwe mara moja tu mwanzoni. Kadi ya sauti na kompyuta zina fuwele tofauti za saa. Tukichukulia kwamba zinatofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, saa hizo huachana kwa milisekunde 3 kila dakika. Kwa hiyo, programu itumie tofauti ya chini ya sekunde 10 zilizopita, na Pure Data itume ujumbe wa uhai kila milisekunde 100 hata kama hakuna tukio.

Matokeo yake si kwamba ucheleweshaji unaondoka. Unaongezeka. Lakini unakuwa ule ule kila mara, na ucheleweshaji usiobadilika unaweza kufidiwa kwa kuichelewesha sauti au baiti kwa kiasi kinachojulikana.

6.3 Usalama wa vifaa

Pini ya poti hutoa mkondo wa miliampia chache tu, na solenoidi haipaswi kuunganishwa nayo moja kwa moja. Saketi ya ULN2803 yenye njia nane inalingana vyema na pini nane za data. Kila njia huhimili hadi miliampia 500, na ina dayodi ya kunasa umeme unaorudi pale solenoidi inapozimwa.

Kwa kuwa rejista hushikilia thamani yake, Pure Data ikikwama baada ya kuandika 1, solenoidi itabaki imewashwa hadi iungue. Programu msaidizi hutibu hali hii: isipopokea ujumbe wa uhai kwa nusu sekunde, iandike 0. Vilevile, pini hubadilika zenyewe kompyuta inapowaka, hivyo umeme wa solenoidi uwe na swichi yake, nayo iwashwe baada tu ya programu kuandika 0 ya kwanza.

6.4 Uthibitisho

Mfumo unaweza kupimwa bila oskiloskopu. Pini ya 2 iunganishwe na ingizo la kadi ya sauti kupitia vikinza viwili, kilooham 10 na kilooham 1, vinavyopunguza volti 5 hadi takribani 0.45. Mlio mfupi unaotolewa na Pure Data kwa wakati uleule wa kimantiki urudishwe kwenye chaneli ya pili ya ingizo. Rekodi ya chaneli hizo mbili huonesha umbali kati ya mlio na mpigo kwa hatua za sampuli moja, yaani mikrosekunde 22.7. Umbali huo usomwe kwa mipigo mia kadhaa, na yaripotiwe thamani ya chini, ya juu na mtawanyiko.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa kupeleka data kwenye poti sambamba kutoka Pure Data ni kazi yenye sehemu mbili zisizolingana. Sehemu ya kuandika baiti ni nyepesi, na hukamilika kwa mistari michache ya msimbo. Sehemu ya wakati ndiyo nzito, kwa kuwa programu ya sauti huwa imekokotoa matukio kabla ya sauti yake kusikika, na ni foleni ya kadi ya sauti pekee inayoficha jambo hilo. Chombo chochote kinachotoka nje ya foleni hiyo, kiwe poti sambamba, poti ya mfululizo au kidhibiti kidogo cha USB, hurithi tatizo lile lile. Inapendekezwa kwamba utafiti unaotumia programu za sauti kuendesha vifaa vya nje utaje ukubwa wa mkupuo, namna wakati ulivyooanishwa, na mtawanyiko uliopimwa kwenye pini, na si muda uliochorwa kwenye skrini.